Dalili Tulizozipa Majibu

Kwetu kila mtu ana kucha za buluu. Ukitaka kumjua anayefanya kazi kwangu usimuulize jina, mtazame vidole. Kazi yetu ni kuzitia rangi upya nguo zilizochoka: jinzi zilizopauka, ovaroli za mafundi magari, sare za shule zilizokwisha magotini. Nimeifanya miaka ishirini na sita. Glavu zipo, zimetundikwa kwenye msumari pale mlangoni, na wengi wetu tunazipita bila hata kuzisalimia.

Nayasema haya mapema ili usije ukanishangaa sana huko mbele. Au nishangae tu, haki yako.

Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na katikati kuna chumba cha kukunjia nguo na kupigia pasi. Ukuta wake mmoja umepakana na majiko, ambako mapipa mawili yanachemka kutwa. Humo ndimo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alimolaza mwanawe walipotoka hospitali, kwenye kapu kubwa la nguo lililotandikwa shuka tatu. Alisema hataki kukaa chumbani peke yake akihesabu mabati. Mimi nilifurahi, tena nilifurahi kwa choyo, maana tulikuwa na sare mia tano za kupeleka kabla ya muhula kufunguliwa na hakuna anayepiga pasi kama yeye. Mdogo wangu ndiye dereva wetu. Anazunguka na pikapu miji ya mbali kukusanya na kurudisha mizigo, na nyumbani analala siku mbili kwa wiki, tatu akibahatika; msimu ule wa sare alikuwa akiingia usiku wa manane na kutoka kabla hakujapambazuka.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu na robo, nywele tele kichwani. Mimi ni shangazi yake, lakini katika nyumba ile mimi ndiye mama, bibi na serikali. Mdogo wangu nilimlea tangu akiwa na miaka saba. Mwenyewe sikujaliwa kuzaa. Hilo nililisema mara moja zamani, sikupenda kulirudia, na watu wangu wanajua wasiliguse.

Siku ya tano, mdogo wangu akiwa ameshaondoka na gari, wifi aliniita.

"Wifi, hebu njoo umwangalie huyu vidole."

Nilikwenda na mwiko wa kukorogea mkononi. Alikuwa amemfungua nguo. Kucha za mtoto zilikuwa na buluu hafifu, chini kabisa pale zinapoanzia. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango.

"Umemshika na mikono gani hiyo? Mtoto wa nyumba hii, keshapewa kitambulisho cha kazi!"

Wafanyakazi wakaja kumwona mwenzao mpya. Mmoja akauliza kama ameajiriwa kwa kudumu au kwa kibarua. Wifi naye akacheka, kicheko cha mdomoni. Kisha akanawa mikono yake, akamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akamfuta kidole kimoja kimoja.

"Haitoki," akasema.

"Kwani yangu imetoka lini?" nikamwambia, nikamwekea vidole vyangu puani.

Mambo yalianzia hapo. Mtu akishapata jibu la kwanza, mengine hujileta yenyewe.

Siku mbili baadaye ikawa jasho. Mtoto alikuwa akinyonya mara tano au sita, anaachia titi, anahema, anasinzia, na baada ya nusu saa analilia tena. Wakati wote huo paji la uso linamlowa mpaka nywele zinaganda. Wifi akaniuliza mbona hivi. Nikamwambia mimi mwenyewe nikinywa chai humu ndani natoka jasho, au alidhani yale mapipa ukutani yanapika barafu?

Ikaja pumzi. "Anapumua mbiombio, wifi. Hata akiwa amelala. Tazama hapa chini ya mbavu panavyobonyea."

"Mvuke huo. Fungua dirisha."

Dirisha likafunguliwa. Mtoto akaendelea kupumua vilevile, lakini mimi nilikuwa nimesharudi kwenye pipa langu, na pipa halisubiri.

Kingine ni kwamba hakuwa mlizi. Alilia kidogo, tena kwa sauti ya chini, halafu anaacha kana kwamba amekumbuka adabu. Nilimsifu kwa kila aliyeingia dukani. Nilimpa jina la Mpole, likamkaa. Mdogo wangu alikuwa anapiga simu kila jioni, na simu ya nyumba iko mezani kwangu. "Mwanao mpole huyo," namwambia, "hatusumbui hata kidogo. Hakufuata kwako." Anacheka huko aliko, anakata, anaendelea na safari.

La mizani ndilo linaloniuma kuliko yote. Sisi hupima nguo kabla ya kuzitia rangi, maana rangi na chumvi huenda kwa uzito. Ukikosea, mzigo mzima unatoka na mabaka. Mizani yangu naijua. Nimeiapia mbele ya wateja wakorofi, nimewaambia hii haidanganyi hata uzito wa kifungo. Siku ya kumi na mbili wifi alimfunga mwanawe kwenye kitambaa, akampima, kisha akakipima kitambaa peke yake, akatoa. Kilo tatu kasoro kidogo. Alikuwa amepungua tangu kuzaliwa.

"Mizani hiyo ni ya magunia," nikamwambia. "Itajua wapi gramu za mtoto?"

Alinitazama. Alijua kwamba najua.

"Nataka nimrudishe kliniki," akasema.

"Kadi inasema wiki ya sita."

"Najua kadi inavyosema. Lakini wifi, labda kwa kuwa wewe huja..."

Akaishia hapo. Alijing'ata ulimi, akashika pasi, akaanza kuipitisha juu ya shati lililokwisha kunyooka. Sentensi ile niliimalizia mwenyewe kichwani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila mtu anaijua methali hiyo, na mimi huwa naisikia kabla mtu hajafungua mdomo. Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumuumiza, na niliweza.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda ukachekwe na manesi. Waambie mtoto wako ana ugonjwa wa kutoka jasho karibu na moto. Wewe ni mzazi wa kwanza duniani, hakuna aliyewahi kuzaa kabla yako. Ila usimpigie mwenzio huko barabarani ukamtia kiwewe na usukani mkononi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Hakwenda. Hakupiga simu. Hakuniita tena kunionyesha kitu. Kwa wiki nzima alipiga pasi akiwa amelivuta kapu karibu na mguu wake, na kila baada ya shati moja anainama. Nilimwona. Nikajisemea kwamba hatimaye ametulia.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa asubuhi, na mdogo wangu alikuwa ameingia alfajiri na mzigo. Alikuwa nje anashusha magunia. Wifi alikwenda kuoga, akaniachia mtoto, maana hakukuwa na mwingine. Nilimpakata. Alikuwa mwepesi, na sikutaka kulifikiria hilo. Hakuwa amenyonya tangu usiku. Nikamchokoza shavu ili aamke, akakunja uso, akafungua mdomo, akalia.

Kwa siku zote kumi na tisa sikuwa nimemtazama ndani ya mdomo. Ulimi ulikuwa wa buluu. Fizi pia, na ndani ya midomo.

Nilijaribu. Naapa nilijaribu hata hapo kutafuta jibu. Nani amemtia kidole mdomoni, nani hakunawa. Lakini mimi buluu ndiyo chakula changu. Naweza kukuambia kwa jicho tu nguo imekaa kwenye pipa dakika ngapi. Yetu ina wekundu kwa mbali, ukiitazama juani inaonekana. Ile ilikuwa na kijivu ndani yake, na kadiri alivyolia ndivyo ilivyokolea mbele ya macho yangu. Rangi ya mkono wa mtu haikolei mtoto akilia. Ile ilikuwa inatoka ndani.

Niliita jina la mdogo wangu kwa sauti iliyowatoa nje watu wa jirani.

Hospitalini hawakutukalisha kwenye foleni. Muuguzi, mwanamama mnene mwenye saa kubwa iliyobandikwa kifuani, alimtazama mtoto mara moja tu akamchukua mikononi mwa mama yake. Alimfunga kifaa kidogo chenye taa mguuni, namba ikatokea kwenye kioo: sabini na mbili. Sikujua sabini na mbili ni nini, lakini niliona alivyoacha kuongea na mwenzake. Wakamwekea oksijeni puani.

Daktari alikuja akikimbia. Alikuwa binti mdogo, nikamdhania mwanafunzi. Alimsikiliza mtoto kifuani muda mrefu akiwa amefumba macho, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, akamshika mapaja akitafuta mapigo ya damu. Kisha akatugeukia sisi watatu. Mdogo wangu alikuwa bado na vumbi la magunia kwenye nyusi.

"Hii rangi mmeiona tangu lini?"

Wifi alinitazama. Sekunde moja tu.

"Jana," akasema. "Jana jioni."

"Kabla ya jana alikuwa ananyonya vizuri?"

"Vizuri tu."

"Kutoka jasho? Kupumua haraka?"

"Imeanza jana."

Daktari akaandika. Akamwambia muuguzi jambo kuhusu maambukizi, kuhusu kifua, kuhusu dawa ya sindano. Mdogo wangu akawa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelekezwa njia. Na mimi nilisimama pale nimefunga mdomo wangu huu ambao haujawahi kufungwa na mtu.

Nilimwelewa wifi. Alikuwa ananificha. Angesema siku ya tano, mumewe angeuliza kwa nini hukwenda, na jibu la swali hilo lilikuwa mimi. Labda pia alikuwa anajificha mwenyewe, maana mama ndiye hulaumiwa kwanza na daktari yeyote. Nikawaza: wana mashine, watajua wenyewe. Nikawaza: akipona, nani atakumbuka siku? Nilikuwa na woga mkubwa, na sitaupamba: sikumwogopa daktari, nilimwogopa mdogo wangu.

Daktari aliitazama ile namba kwenye kioo, akakunja uso. Ilikuwa sabini na tatu.

"Nimempa oksijeni ya kutosha na haipandi," akasema, taratibu, kwa wifi peke yake. "Kikiwa kifua, kwa kawaida ingepanda kidogo. Mama, sikugombezi. Rangi iliyoanza jana inanipeleka njia moja. Rangi ya tangu alipozaliwa inanipeleka njia nyingine kabisa, na sitaki kupoteza saa kwenye njia isiyo yake. Una uhakika ni jana?"

Wifi akafungua mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alikuwa anakwenda kusema jana.

"Siku ya tano," nikasema.

Wote wakageuka.

"Siku ya tano, kwenye kucha. Siku ya saba, jasho akinyonya, na hanyonyi akashiba, anachoka. Siku ya nane au ya tisa, pumzi na hapa chini ya mbavu kubonyea. Siku ya kumi na mbili alipimwa na mizani haikukosea, alikuwa amepungua robo kilo na zaidi. Mama yake aliyaona yote. Aliniambia yote. Mimi ndiye niliyemwambia ni rangi yetu, ni joto, ni mvuke. Alitaka kuja nikamzuia."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nimewaambia watu wengi, nikiwa nimeshika kiuno.

Daktari hakunilaumu hata kwa jicho. Aliweka kalamu chini na kwenda kwenye simu ya ukutani, akaomba mashine ya kutazama moyo iletwe sasa hivi, si baada ya chakula cha mchana. Muuguzi akaahirisha ile sindano kwanza. Kila mtu akaanza kutembea upesi, isipokuwa mdogo wangu.

"Nilikuwa napiga simu kila jioni, dada," akasema.

"Najua."

"Kila jioni."

Mdogo wangu huyu nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Alisogea, akaenda kusimama upande wa pili wa kitanda.

Mashine ilionyesha moyo mdogo ukipiga, mweusi na mweupe, na daktari mwingine mtu mzima akaelekeza kwa kalamu. Alitueleza kwa maneno ya kawaida. Mishipa miwili mikubwa inayotoka kwenye moyo ilikuwa imebadilishana nafasi tangu tumboni. Damu iliyokwisha kupata hewa inarudishwa mapafuni, na isiyo na hewa ndiyo inayozungushwa mwilini. Kilichomweka hai ni tundu katikati ya moyo, linaloziacha damu hizo mbili zichanganyike kidogo. Tundu hilohilo linayamwagia mapafu damu nyingi mno, ndiyo maana anahema. Kunyonya kwake, alisema, ni kupandisha ngazi na mzigo, na kila akifika ngazi ya tano anachoka.

"Nani amemsababishia?" wifi akauliza.

"Hakuna. Ameumbika hivyo, na hakuna mtu angeweza kuzuia. Inaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Lakini amedhoofika, na hatuwezi kumpasua akiwa hivi. Tumpe dawa, tumlishe kwa mpira, tumpe siku kumi. Akizivuka vizuri, tutampasua."

Akizivuka. Niliona mdogo wangu akilishika neno hilo kama nilivyolishika mimi. Siku kumi ambazo mtoto angekuwa nazo tayari, kama wiki ile ya sare mia tano nisingekuwa na ulimi.

Walimlaza kwenye wodi ya watoto, dirishani. Maziwa ya mama yake yalipita kwenye mpira mwembamba uliopitishwa puani, kwa kipimo, kila baada ya saa tatu, ili asitumie nguvu. Sheria ya wodi ni kwamba ndugu mmoja awe macho kando ya kitanda wakati wote, kwa sababu wauguzi ni wawili na vitanda ni kumi na vinne. Muuguzi mwenye saa kifuani alimfundisha wifi kuhesabu pumzi: tumbo likipanda na kushuka ni moja, dakika nzima bila kukatisha. Ikizidi sitini, ita. Akitoka jasho baridi, ita. Midomo ikikolea, ita.

Wifi alihesabu siku mbili na nusu. Siku ya tatu mchana nilipoleta nguo safi nilimkuta anahesabu kwa sauti na macho yamefumba, amefika mia na kumi na hajui. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi, amelala ameketi, kichwa ukutani.

"Nenda ukajinyooshe," nikamwambia wifi. "Nitakaa mimi."

Mdogo wangu akafumbua macho. "Si yeye."

Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja tangu siku ile, na hata hivyo hakunizungumzisha mimi. Nikaweka nguo chini. Nikageuka niondoke.

"Atakaa yeye," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Wewe umeendesha gari siku nne, kisha hukulala siku tatu, utasinzia kabla sijafika mlangoni. Yeye anaogopa. Mwenye kuogopa hasinzii."

Hakunisamehe, usidhani. Alinitia mkononi saa aliyoazimwa na muuguzi ya kuhesabia, akalala sakafuni kwenye kanga chini ya kitanda cha mwanawe, na akalala papo hapo.

Mdogo wangu alibaki ananitazama kutoka kwenye benchi. Nikaanza. Tumbo lilikuwa dogo kama kiganja changu, likipanda na kushuka, na mpira wa puani ulikuwa umebandikwa shavuni kwa plasta. Hamsini na nne. Nikahesabu tena: hamsini na sita. Tena: sitini na mbili.

Nilipiga kelele. Nilimwita muuguzi kwa sauti ya karakana, watoto wawili wakaanza kulia, mama mmoja akasonya. Muuguzi alikuja na mwendo wake mzito, akainama, akahesabu dakika nzima bila haraka.

"Hamsini na tano," akasema. "Nadhani umehesabu na zako humo humo."

"Nisamehe. Nimekusumbua bure."

"Bure ipi? Ukiona shaka, niite. Hata mara mia."

Nilimwita tena baada ya robo saa, kwa sababu ya jasho ambalo alilifuta akanionyesha ni maziwa yaliyovuja kwenye mpira. Nilimwita tena saa nane na nusu, nikiwa sina hata namba ya kumpa, kifua cha mtoto tu kilikuwa kimepanda kwa namna nisiyoipenda. Safari hiyo wifi aliamka kwa kelele zangu, akaketi ghafla, akagonga kichwa kwenye chuma cha kitanda, akanishika mkono akiniuliza kuna nini.

Nikamwambia sijui.